Msiba kwa Wabudha wa Sri Lanka: mwongozo kamili kwa anayekwenda kuhani

Mara ya kwanza kuingia msibani kwa Wasinhala, kabila kubwa la Sri Lanka, nilifanya kosa ambalo kwetu lingehesabiwa wema. Nilikuwa likizoni Sri Lanka na mwenzangu tuliyefanya kazi pamoja Muscat. Mama yake mdogo akafariki, tukaenda. Nikaona wageni wamejaa, wafiwa wamechoka, na hakuna anayeshughulikia chai. Nikajipenyeza jikoni, nikatafuta kiberiti, nikateka maji, nikashika birika. Bibi mmoja aliyevaa sari nyeupe akaja, akanitoa birika mkononi taratibu, akayamwaga maji yote mchangani nje ya mlango, kisha akaliweka birika kifudifudi juu ya meko baridi. Hakusema neno. Muda si mrefu chai ikaingia kwa mlango wa mbele, imetoka kwa jirani, thermosi tatu na vikombe kwenye sinia.

Jiko la nyumba yenye maiti haliwashwi. Hilo nililijua siku ile, na mengine nimeyajua kidogo kidogo kwa kukosea. Nayaandika hapa kwa ajili ya yeyote anayeishi au kufanya kazi na Wasinhala, iwe Ghuba, iwe Ulaya, au hata Dar es Salaam, ambako Upanga kuna hekalu la Kibudha lililoanzishwa na Wasinhala tangu zama za ukoloni, na mti wao mtakatifu, bo, umesimama pale.

Angalizo moja kabla hatujaanza. Ubudha una njia nyingi. Mjapani anahesabu siku 49 baada ya kifo, na jamaa huokota mifupa kutoka kwenye majivu kwa vijiti. Watibeti nao wana siku zao 49 za safari kati ya maisha na maisha. Ukiyabeba ya Japani ukayapeleka Kandy, mji wa Sri Lanka, utapotea. Hapa nazungumzia Wabudha Wasinhala wa Sri Lanka, wanaofuata njia ya Theravada, ambayo pia ndiyo ya Thailand, Myanmar na Kambodia, ingawa kila nchi ina mila zake.

Kabla ya yote: elewa neno "pin"

Ukilielewa neno hili, karibu kila kitu utakachokiona msibani kitakuwa na maana. Pin, kwa Kisinhala, ni kile ambacho sisi tungekiita thawabu: faida inayobaki baada ya tendo jema.

Kwa mafundisho yao, mtu akifa hakuna roho ya milele inayotoka mwilini kwenda kungoja hukumu. Kinachoendelea ni mkondo wa matendo na matokeo yake, nao huanzisha uhai mwingine mahali pengine. Mfano wao wa kale ni wa taa. Utambi wa pili ukiwashwa kwa mwali wa ule wa kwanza, je, moto ni ule ule? Huwezi kusema ni ule ule, wala huwezi kusema ni mwingine kabisa. Uhai huo mpya unaweza kuwa wa binadamu, wa mnyama, wa kiumbe wa mbinguni, wa aliye motoni, au wa preta, kiumbe mwenye njaa isiyoshiba. Preta ndiye anayewatia wafiwa wasiwasi, na hapo ndipo pin inapohitajika: walio hai hutenda wema, kisha humtangazia marehemu ili aufurahie. Kule kufurahia kwenyewe kunampatia na yeye pin.

Aliyezoea kuona hitima ikisomwa na chakula kikitolewa kwa niaba ya marehemu hatashangaa sana. Tofauti ni kwamba hapa hakuna Mungu anayeombwa amsamehe mtu. Wema wenyewe ndio unaofanya kazi.

Kwa sababu hiyo pia, dakika za mwisho za mtu zina uzito mkubwa kwao. Fikra ya mwisho inaaminika kuuelekeza uhai unaofuata, kwa hiyo mgonjwa aliye mahututi husomewa pirit, yaani maneno ya Budha ya kinga na baraka kwa Kipali, lugha ya kale ya maandiko yao, na hukumbushwa mema aliyoyatenda. Mahavamsa, tarikh ya kale ya kisiwa hicho, inasimulia juu ya mfalme Dutthagamani wa karne ya 2 kabla ya Kristo. Alipokuwa anakata roho, alisomewa kitabu chake cha pin, tendo kwa tendo. Stupa kubwa, jengo la kuba la kuhifadhia masalia matakatifu, aliyoijenga Anuradhapura ilikuwa haijakamilika, basi ndugu yake akaifunika kwa vitambaa vyeupe ili mfalme aione kama imekwisha, afe na furaha. Ukienda kumwona Msinhala mgonjwa sana, fanya kama ndugu huyo. Zungumzia mema yake. Madeni na ugomvi viache nje ya mlango.

Hatua ya 1: Habari ikikufikia

Msibani hakualikwi mtu, na kwa Wasinhala ni vivyo hivyo. Ukisikia, nenda. Nyumba utaijua kwa mbali: vibendera vyeupe na kamba za vitambaa vyeupe hufungwa kando ya barabara hadi mlangoni, na makuti machanga ya mnazi hupasuliwa na kusukwa mapambo. Aliyefariki akiwa mtawa, utaona rangi ya manjano au ya zafarani. Mara nyingi pia hutundikwa bango lenye jina la marehemu na maneno ya Kipali, Anicca vata sankhara: hakika vyote vilivyoundwa havidumu.

Vaa nyeupe. Mjini utaona waliovaa nyeusi, lakini nyeupe haikosei popote. Mwanamume atosheke na shati jeupe na suruali ya kawaida. Mwanamke avae gauni au sketi inayovuka magoti, mabega yamefunikwa. Kanga nyeupe haitamshangaza mtu. Vito vya kumetameta na marashi makali acha nyumbani. Na kama una tatuu ya Budha mwilini, ifunike kabisa. Si mzaha: mwaka 2014 mtalii kutoka Uingereza alifukuzwa Sri Lanka kwa sababu ya tatuu hiyo mkononi.

Cha kubeba? Fedha kwenye bahasha inapokelewa vizuri, wala hakuna kiwango maalumu. Uliza wenzako wa kazini wanatoa ngapi ili usipitilize wala usipungue. Shada la maua linafaa, hasa mjini. Lakini kinachosaidia zaidi siku za mwanzo ni chakula kilichokwisha kupikwa kwako, au sukari, majani ya chai na biskuti, maana wageni watakesha.

Ukifika mapema sana, saa chache tu baada ya kifo, unaweza kukuta wahudumu wa afya wakimtoa marehemu macho. Usishtuke. Chama cha kuchangia macho cha Sri Lanka, kilichoanzishwa mwaka 1961 na daktari Hudson Silva, kimepeleka konea, ngozi angavu ya mbele ya jicho, kwa vipofu wa nchi nyingi, na wengi wanaojiandikisha ni Wabudha wanaokumbuka hadithi ya mfalme Sivi, Budha katika maisha yake ya zamani, aliyetoa macho yake yote mawili kwa aliyemwomba. Ni sadaka ya mwisho ya mwili, na pin yake ni kubwa.

Hatua ya 2: Kuingia ndani

Vua viatu ukiona viatu mlangoni. Vua kofia. Kisha nenda moja kwa moja lilipo jeneza kabla ya kusalimiana na watu wengine.

Siku hizi mjini maiti nyingi huwekwa kwenye kumbi za kampuni za mazishi. Vijijini bado maiti hulazwa sebuleni. Mwili huwa umetiwa dawa ili ukae siku mbili tatu jamaa wa mbali wafike, na jeneza huwa wazi. Taa ya mafuta huwaka kichwani. Katika nyumba nyingine picha za ukutani hugeuzwa. Mwili hauachwi peke yake hata dakika moja, usiku na mchana. Kama mwenye zamu anataka kwenda msalani, mwingine huchukua nafasi yake.

Hatua ya 3: Mbele ya jeneza

Simama upande wa miguuni au ubavuni, unganisha viganja mbele ya kifua, inamisha kichwa kidogo, tulia kwa muda. Basi. Hakuna maneno unayotakiwa kuyasema, na hakuna atakayekuchunguza unasema nini moyoni. Jamaa wa karibu utawaona wakipiga magoti na kugusa miguu ya marehemu kwa heshima, hasa watoto kwa wazazi wao. Wewe hulazimiki.

Kwa Mwislamu au Mkristo anayejiuliza kama anaabudu: simama kimya, mikono imekutana mbele chini ya tumbo, inatosha. Nimewaona Waislamu wa Sri Lanka wenyewe, majirani wa miaka mingi, wakifanya hivyo na kupokelewa kwa heshima zote.

Kisha geukia wafiwa. Neno linalofaa ni nivan suva labeva, yaani apate raha ya Nibbana, kule ambako kuzaliwa na kufa kumekwisha. Hata kwa lafudhi mbovu litaeleweka. Mwanamke mzima mwite amma, mama. Aliyekuzidi umri kidogo ni akka, dada, au aiya, kaka. Usimwite mjane kwa jina lake tupu. Na usimwambie mtu asilie. Wapo wasemao kuwa Mbudha wa kweli halii, lakini Ananda, mhudumu wa Budha, alijificha kulia bwana wake, aliyekuwa na miaka 80, alipokuwa anafariki kule Kusinara. Budha hakumkemea. Alimwita, akamkumbusha kwamba kilichozaliwa hakikosi kutoweka, kisha akamsifu mbele ya wote kwa miaka aliyomtumikia.

Hatua ya 4: Kukaa

Hapa ndipo utakapojihisi uko kwenu. Nje kuna turubai na viti vya plastiki. Wazee wanazungumza siasa. Vijana wanacheza karata usiku kucha, na hakuna anayeona ni kukosa adabu, kwa kuwa kazi yao ni kuifanya nyumba isilale. Chai na kahawa nyeusi hupitishwa.

Na hayo maturubai na viti, uliza vimetoka wapi. Karibu kila kijiji kina maranadhara samitiya, chama cha msaada wa misiba. Wanachama hulipa ada kila mwezi. Mmoja akifiwa, chama hutoa fedha, viti, taa, vyombo, na watu wa kufanya kazi. Asiyefika msibani bila sababu hutozwa faini. Nilipoelezwa hivyo nilicheka, nikawaambia kwetu tunacho hicho hicho, na jina lake linasema lote: kufa na kuzikana. Ikabidi niwafasirie. Mweka hazina wao akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akaniuliza faini yetu ni kiasi gani.

Ukitaka kuondoka, ondoka kimya. Mimi sikuzoea kupeana mikono ya kwaheri pale, na sijaona mtu akinishangaa kwa kutofanya hivyo.

Hatua ya 5: Watawa wanapofika

Hiki ndicho kiini cha mazishi, na hapa usichezee simu.

Watawa hufika mchana wa siku ya mazishi, wakati mwingine wawili, wakati mwingine kumi na zaidi. Viti vyao hufunikwa kwa kitambaa cheupe na huwa juu kuliko mahali wanapokaa watu. Wakipita, simama. Wakikaa, kaa chini, na miguu usiielekeze kwao, ikunje kando. Mwanamke asimguse mtawa wala asimpe kitu mkono kwa mkono bila kuona wenyeji wanafanyaje. Ukilazimika kumsemesha, mwite hamuduruwane. Chochote unachompa, toa kwa mikono miwili.

Kwanza mtawa huwaongoza watu kusema mara tatu Namo tassa bhagavato arahato sammasambuddhassa, maneno ya kumheshimu Budha, kisha kumkimbilia Budha, mafundisho yake na jamii ya watawa, na kushika amri tano: kutoua, kutoiba, kutozini, kutosema uongo, kutotumia vileo. Mgeni wa dini nyingine hukaa kimya tu.

Halafu huja kitambaa. Ni kipande kikubwa cheupe, kipya, ambacho jamaa humkabidhi mtawa kwa niaba ya marehemu huku wakisema kwa Kipali kwamba wanakitoa kwa jamii ya watawa. Ibada hii huitwa pansukula, na jina lenyewe lina historia: zamani watawa walivaa matambara yaliyookotwa kwenye majalala na makaburini, pamoja na sanda zilizotupwa. Leo hakuna anayevua maiti sanda, lakini nguo ya makaburini imebaki katika mila. Ndipo watawa huimba kwa sauti moja:

Anicca vata sankhara, uppada vaya dhammino, uppajjitva nirujjhanti, tesam vupasamo sukho.

Maana yake, kwa tafsiri yangu: hakika vilivyoundwa havidumu, hali yao ni kutokea na kutoweka, vikishatokea hukoma, na kutulia kwao ndiyo raha.

Baada ya hapo ni maji. Siku ile ya msiba wa mama yake mdogo, mwenzangu, ndugu zake wawili na mume wa marehemu walikaa mkekani, magoti yamegusana. Mbele yao kulikuwa na sahani, ndani ya sahani kikombe kitupu. Mume akashika chupa ya udongo ya maji, na wengine wote wakaigusa, na waliokuwa nyuma wakawagusa hao mabegani, hata ukoo mzima ukawa umeshika chupa moja. Akaanza kumimina, uzi mwembamba tu wa maji, huku watawa wakiimba. Kikombe kikajaa. Hakuacha. Maji yakapanda juu ya ukingo, yakasimama kidogo kama yanafikiri, kisha yakafurika yakaingia sahanini. Maneno yanayoimbwa wakati huo yanasema: kama mito iliyojaa inavyoijaza bahari, ndivyo kinachotolewa hapa kinavyowafikia waliofariki. Mikono ya yule mzee ilikuwa inatetemeka, na chupa ikawa inagonga ukingo wa kikombe, ti, ti, ti, mpaka ikaisha.

Ukiwa si jamaa, usijisogeze kushika chupa isipokuwa umeitwa. Ukiitwa, na dhamiri yako haikuruhusu, gusa kifua chako na utikise kichwa kwa heshima. Wataelewa.

Kisha mtawa hutoa mawaidha. Baada yake huja hotuba za kumsifu marehemu: mwalimu mkuu mstaafu, mwenyekiti wa chama, mwakilishi wa kazini, kila mmoja akidai atasema kwa ufupi. Beba mwavuli na maji ya kunywa.

Hatua ya 6: Safari ya mwisho

Jeneza hutoka miguu ikiwa mbele, limebebwa na jamaa. Hapa kilio hupanda, na ndipo wanawake hushikwa wasianguke. Fuata nyuma kwa miguu kama ni karibu, usilipite jeneza.

Kuchoma au kuzika? Vyote viwili vinakubalika. Mwili wa Budha ulichomwa na watu wa kabila la Malla, na masalia yake yakagawanywa mafungu manane, kwa hiyo kuchoma kuna heshima yake ya kale. Lakini si amri, na familia nyingi za vijijini huzika. Nalisema hili kwa sababu mwaka 2020 serikali ya Sri Lanka ililazimisha wote waliofariki kwa Korona wachomwe, pamoja na Waislamu, ikaleta uchungu mkubwa, na amri hiyo ikaondolewa Februari 2021. Ile ilikuwa amri ya serikali. Tafadhali usiwe wewe wa kulifungua jambo hilo msibani.

Kama ni tanuri la mjini, mambo huisha upesi. Kama ni kuni, jeneza huzungushwa mara tatu kwenye tanuru la magogo lililozungushiwa vitambaa vyeupe, kisha huingizwa. Moto mara nyingi huwashwa na wapwa au wakwe wa marehemu, na katika sehemu nyingine wawashaji huugeuzia mgongo. Watu wengi huondoka moto ukishashika. Wachache hubaki kulinda. Majivu hukusanywa baadaye, yakazikwa chini ya mnara mdogo au kumwagwa mtoni au baharini.

Hatua ya 7: Kurudi

Oga kabla ya kufanya lolote. Msiba una kili, uchafu wa kidesturi, na aliyetoka huko haingii moja kwa moja kwenye nyumba yenye mtoto mchanga. Bibi yangu alikuwa hivyo hivyo na nguo za mazikoni, aliziloweka nje.

Waliofanya kazi hurudi kwa wafiwa kula mala bata, wali wa msiba. Ni chakula cha kawaida: wali, samaki mkavu, boga, dengu. Ukikaribishwa, kula hata kidogo.

Hatua ya 8: Siku ya sita na ya saba

Wengi wetu tukishazika tunaona tumemaliza sehemu kubwa. Kwa Wasinhala, ukienda mazishini ukakosa siku ya saba umehani nusu.

Jioni ya siku ya sita mtawa huja nyumbani kutoa bana, mawaidha ya muda wa saa moja hivi. Vaa nyeupe, kaa mkekani. Usiku huo jikoni hakulaliki, maana kesho yake ni dane, chakula cha watawa. Na hapa yule bibi wa birika alinitafuta. Akanishika mkono, akanipeleka jikoni, moto sasa unawaka meko zote, akanionyesha kibao chenye chuma cha meno mwishoni na nazi zilizopasuliwa zimejaa beseni. Wao wanakiita hiramane. Ilikuwa ni mbuzi, mbuzi ya nazi, ndugu yake yule niliyekulia juu yake. Nikakaa, nikakuna. Wanawake wakaacha kukata vitunguu kunitazama. Nazi ya tatu ndipo wakaniamini.

Katika baadhi ya nyumba, usiku huo huwekwa nje chakula kidogo alichokipenda marehemu, juu ya jani. Kikiliwa na kunguru au mnyama, wafiwa hutulia. Ukilipima na mafundisho, jambo hili haliingii vizuri: Theravada inasema kuzaliwa upya hakuna kungoja, sasa nani yuko uani siku ya sita? Nililiuliza mara moja tu. Mwenzangu akajibu kwamba vitabu vimeandikwa na watawa, na watawa hawana mama mdogo aliyewalea. Sikuuliza tena.

Asubuhi ya siku ya saba zingatia saa. Mtawa hali chakula baada ya saa 6 mchana, kwa hiyo dane hutolewa karibu saa 5 asubuhi. Ukifika saa 7 umekuta masufuria. Utaratibu huwa hivi: sehemu ndogo ya kila chakula huwekwa kwanza mbele ya sanamu ya Budha, kisha watawa hupakuliwa, kisha hutolewa zawadi, kisha pin hutangazwa kwa marehemu, na maji humiminwa tena, ndipo wageni hula. Kwa hiyo usionje kitu chochote jikoni, hata chumvi. Hilo ni kosa kubwa kuliko la birika.

Zawadi inayopendwa zaidi ni atapirikara, vitu vinane vya mtawa: mavazi matatu, bakuli, mkanda, wembe, sindano na chujio la maji. Huuzwa imefungwa tayari madukani. Ni ghali kidogo, kwa hiyo wafanyakazi wenza huchanga wakatoa moja. Zaidi ya hapo, taulo, sabuni, dawa ya meno, au mchele, vyote vinafaa.

Miezi mitatu, mwaka, na msiba wa mbali

Dane hurudiwa miezi mitatu baada ya kifo, halafu mwaka ukitimia, na familia nyingine huendelea kila mwaka. Ile ya miezi mitatu, kwa baadhi yao, hutanguliwa na usiku mzima wa pirit. Andika tarehe hizo kwenye simu yako. Ujumbe mfupi siku hiyo unapokewa vizuri kuliko simu kumi za wiki ya kwanza.

Na kama mko Ghuba, mwenzenu amefiwa nyumbani na hana likizo? Changeni nauli kama inawezekana. Isipowezekana, mtafutieni saa ya kukaa peke yake mazishi yanapofanyika. Wengi hufuatilia kwa video ya simu, na kumwona mtu akitazama jeneza la mama yake kwenye kioo cha simu huku kengele ya zamu inalia si jambo la kusahaulika. Siku ya saba fanyeni jambo la wema kwa jina la marehemu. Si lazima awepo mtawa. Lisheni watu, toeni damu, lipieni mtu dawa, kisha mwambieni mwenzenu waziwazi: hili tumelifanya kwa ajili ya mama. Lazima aambiwe, kwa sababu naye ataunganisha viganja, atalifurahia, na kulituma.